Tangazo langu la bima walilisoma karibu wote ila zaidi ya nusu hawakuelewa, naombeni mnifundishe kuandika

BintiChangombe

Habari zenu wakuu. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikaona nililete huku maana najua kuna watu wa maofisini, wa magodauni, wastaafu, kila aina ya mtu.

Mimi ni msaidizi wa HR kwenye kampuni moja ya kuhifadhi na kusafirisha mizigo, tupo huku Barabara ya Nyerere. Wafanyakazi tupo 140, ofisini tupo 19 tu, waliobaki wote ni madereva wa foklifti, wapakiaji, walinzi na dada zetu wa usafi. Mwezi wa pili kampuni ilihama bima ya afya, tukatoka kwa bima moja tukaenda nyingine, na kila mtu ilibidi aandikishe upya mke au mume na watoto wake. Majina ya zamani hayakuhamishwa. Nikapewa kazi ya kuandika tangazo, nikakaa nalo siku mbili nzima, nikaandika hivi:

*YAH: UHUISHAJI WA TAARIFA ZA WANUFAIKA WA HUDUMA YA BIMA YA AFYA*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika jitihada za menejimenti za kuboresha ustawi wa watumishi, na kwa kuzingatia makubaliano yaliyofikiwa baina ya kampuni na mtoa huduma, mnatangaziwa kuwa zoezi la uhuishaji wa taarifa za wanufaika litaendeshwa kama ilivyoelekezwa. Watumishi wote mnatakiwa kuzingatia utaratibu uliowekwa na kuwasilisha nyaraka husika kwa wakati. Aidha, ikumbukwe kuwa taarifa ambazo hazitahuishwa hadi tarehe 28 hazitafanyiwa kazi katika kipindi hiki. Ushirikiano wenu ni muhimu.*

Bosi akasoma akasema safi sana, imekaa kiofisi. Nikaprinti, nikagonga muhuri, nikabandika kwenye ubao wa getini na picha yake nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Nikaangalia waliosoma, karibu wote. Nikaridhika. Ijumaa jioni nahesabu fomu zilizorudi, 61.

Jumatatu yake tarehe 3 mwezi wa tatu asubuhi akaja dereva mmoja wa foklifti dirishani kwangu, bado kavaa lile koti la njano la kazini. Usiku wake mtoto wao wa miaka minne alishikwa na homa na kifua kikabana, wakamkimbiza hospitali, mapokezi wanaingiza namba ya kadi jina la mtoto halipo. Ikabidi amgongee jirani mlango saa 8 usiku akope laki na themanini. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Aliniambia tu, dada yangu, mimi lile tangazo nililisoma, tena mara mbili, nikajua ni mambo yenu ya menejimenti na hao watu wa bima.

Mtoto anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Ila nimelisoma upya lile tangazo kwa macho ya yule baba na kweli hakuna mahali nimemwambia alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Hakuna mahali nimetaja neno mtoto!

Wakuu naombeni msaada, naandikaje kitu ambacho mtu wa godauni akisoma anajua hapohapo anatakiwa afanye nini, na bosi naye asione nimeandika kihuni? Dirisha la bima linafunguliwa tena mwezi wa sita, sitaki lijirudie.

---

Dispacha_Kurasini

Pole sana dada, na pole nyingi kwa huyo baba. Mimi siyo mtu wa ofisi sana, napanga magari, ila maisha yangu yote ni meseji, kwa siku natuma hata 80 kwa madereva, kwa hiyo naongea nilichojifunza kwa hasara.

Kwenye tangazo lako kitu cha kwanza nilichotafuta ni lini na wapi, maana dereva ndo anavyosoma. Wapi hakuna kabisa. Lini nimeikuta karibu na mwisho, "hadi tarehe 28", ya mwezi gani, saa ngapi, na hiyo 28 yenyewe imo au haimo? Ukisema "kabla ya Ijumaa" kuna mtu ataleta Ijumaa asubuhi na ana haki yake kabisa kwa alivyoelewa, na kuna mwingine atakwambia kabla ya Ijumaa maana yake mwisho Alhamisi na yeye ana haki yake. Andika "siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 28 Februari, saa 10 jioni", imeisha hiyo, hakuna wa kubishana.

Na saa ndo usiseme. Sisi tulikua na mteja wa nje, akatuma imeili kwa Kingereza kwamba mzigo uwe saiti 9:00. Kijana wangu wa zamu akaichukua vilevile akaandika kwenye grupu "mzigo uwe saiti saa 9". Dereva akalala vizuri, akanywa chai yake, akatoka Mbagala taratibu, kaingia saiti saa 8 na nusu mchana anajiona kawahi na nusu saa ya ziada. Kumbe jamaa wanamsubiri toka saa 3 asubuhi na kreni wameikodi kwa siku. Tulilipa kreni ya siku mbili. Na pale hakuna aliyekosea peke yake, kila mmoja alisoma sawa kwa saa yake, ila aliyeandika ndo alikua na nafasi ya kuzuia. Toka siku ile kwangu hakuna "saa 9" inayotembea peke yake, ni saa 9 alasiri au saa 9 usiku, na kama imetoka kwenye imeili ya Kingereza naandika zote mbili, "saa 3 asubuhi, yaani 9:00 ya kwenye simu".

Nyingine ni usiku. Ukiwaambia watu "gari linatoka usiku wa Ijumaa" umeshawagawa. Sisi wa pwani tumelelewa kwamba jua likizama siku imeshaanza, usiku unautangulia mchana, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi baada ya magharibi. Kijana aliyetoka Mwanza au Mbeya yeye anajua ni Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Sema "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa". Neno moja zaidi, lakini gari linatoka siku yake.

---

MzeeWaMasijala

Binti, nimesoma bandiko lako nikaweka simu chini nikatafakari kwanza. Pole sana.

Mimi nimefanya kazi masijala ya wizara moja kwa miaka 31, sasa nimestaafu nipo Kimara na kuku wangu. Hiyo lugha uliyotumia naijua vizuri, nimeifungulia majalada maisha yangu yote, na nataka nikueleze ilikotoka ili usije ukaichukia bure.

Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, mzee Rashidi Kawawa, alitoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Maofisi yalikuwa yanaandika Kingereza cha mkoloni, sasa yanatakiwa kuandika Kiswahili. Watu wakachukua umbo la barua lilelile wakalivalisha maneno yetu. Hapo ndipo tulipopata Yah., na Kumb. Na., na "husika na kichwa cha habari hapo juu", na "aidha", na "naomba kuwasilisha". Na yana kazi yake! Kumb. Na. inamwambia karani barua iingie jalada lipi. Kichwa cha habari kinamsaidia mtu atakayelifungua jalada lile miaka 15 baadaye, hamjui aliyeandika wala aliyeandikiwa, na bado anatakiwa aelewe kisa. Ile lugha ya "imeelekezwa", "imeamuliwa", bila kutaja nani, ni kwa sababu anayesema ni ofisi. Mtu atahama, atastaafu, atakufa, ofisi ipo.

Lakini mwanangu, tangazo la getini halikai kabatini miaka 15. Lina siku tano za kuishi, halafu mvua inalilowesha. Wewe uliliandikia jalada, na bosi wako alilisoma kama mtu wa jalada, ndiyo maana akalisifu. Yule baba wa foklifti ndiye aliyekuwa mwenye barua, na hakuandikiwa. Nakusihi kabla hujashika kalamu ujiulize karatasi hii inakwenda kwa nani, kabatini au mkononi mwa mtu. Ikienda kabatini andika kama ulivyoandika, na ongeza Kumb. Na., hukuiweka. Ikienda kwa mtu, mwite mtu.

Na neno kuhuisha. Asili yake ni kutia uhai, ni neno zuri sana. Lakini kwa mpakiaji aliyesimama getini saa 12 asubuhi na mkoba wa chakula mkononi, "uhuishaji wa taarifa za wanufaika" ni maneno makubwa matatu na hakuna hata moja alilolitumia nyumbani kwake jana. Ungeandika "andikisha watoto wako upya" asingehitaji kusoma mara mbili.

Usidhani ni ugonjwa wa Kiswahili peke yake. Churchill, akiwa waziri mkuu wa Uingereza na vita vimepamba moto, tarehe 9 Agosti 1940 aliwaandikia mawaziri na maofisa wake waraka mzima kuhusu jambo hili tu, kwamba karatasi wanazomletea ni ndefu mno na kutafuta hoja ndani yake kunampotezea muda. Aliwataka waseme hoja kuu kwa aya fupi fupi zinazoeleweka, na waache maneno ya kujazia ambayo yangeweza kufutwa yote au kubadilishwa kwa neno moja. Mabomu yanaanguka na mtu anaona inafaa akae awaandikie watu habari ya kuandika.

---

BintiChangombe

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kuandikia jalada imenipiga, maana ndo ukweli wenyewe. Nilivyokua naandika niliyekua namuona kichwani ni bosi, nikawa najiuliza atasemaje, yule baba hakuwepo kabisa kwenye akili yangu.

Dispacha asante sana kaka, ya saa nimeichukua, na wapi kweli sikuandika, watu 20 hivi walipeleka nakala za vyeti kwa mlinzi getini, mlinzi hajui azipeleke wapi.

Sasa tatizo ni bosi. Nimemgusia kuandika kirahisi akasema Kiswahili cha mtaani kinashusha hadhi ya kampuni, na kwamba wafanyakazi wakizoea kuandikiwa hivyo hawatachukulia matangazo siriasi. Sijui nimjibu nini.

---

MzeeWaMasijala

Marahaba mwanangu. La bosi nawaachia vijana walioko kazini sasa.

---

Mama_Wawili_Tabata

Jamani mdogo wangu nimesoma hadi machozi, mi pia mama.

Mimi ni supavaiza kwenye kiwanda cha kushona nguo maeneo ya Ubungo, nina wasichana 46 chini yangu na wengi ndo ajira yao ya kwanza. Ngoja nikupe kitu kimoja tu ambacho nakifanya kila tangazo na hakijawahi kuniangusha. Kabla sijabandika namwita mmoja, yeyote, hata yule wa kufagia nyuzi, nampa karatasi namwambia soma kwa sauti. Simuulizi "umeelewa?" maana kila mtu atasema nimeelewa, nani anataka kuonekana hajaelewa mbele ya supavaiza. Namuuliza "sasa wewe ukitoka hapa unaenda kufanya nini?" Halafu nanyamaza. Akianza kunitafsiria kwa maneno yake, yale maneno yake ndo nayaandika. Wallahi nusu ya matangazo yangu yameandikwa na hao mabinti.

Nilianza hivi baada ya tangazo moja lililoletwa kutoka juu, limebandikwa kwenye chumba cha kukatia vitambaa, "matumizi ya vifaa kinga yazingatiwe wakati wote wa uendeshaji wa mitambo". Nikamuuliza binti mmoja pale, hii inasemaje? Akaniambia, dada, wanasema wataangalia kama kuna vifaa, vikipatikana wataleta. Kazingatia kwa maana ya kutafakari! Na hakuwa mjinga, kamaliza fomu foo, neno lenyewe ndo linaelea. Na huyo binti anakata vitambaa kwa ile mashine ya kisu cha kusimama, inayopita kwenye kitambaa kama siagi, mkono wake wa kushoto ndo unashikilia kitambaa sentimita chache kutoka kwenye kisu. Nikalitoa siku hiyohiyo nikaandika kwa maka nyekundu: *Vaa glavu ya chuma mkono wa kushoto KABLA hujawasha mashine. Huna glavu? Usiwashe. Nione mimi.* Nikabandika pale pale usawa wa swichi, sio ukutani, kwenye mashine yenyewe. Maana nayo ni sehemu ya kuandika, unabandika wapi. Getini watu wanawahi kusaini, hakuna anayesimama. Sisi ya mishahara na likizo tunabandika pale pa foleni ya msosi, mtu amesimama dakika kumi hana cha kufanya, atasoma mpaka nukta ya mwisho.

Sasa la kwako nimejaribu kuliandika, usinicheke mi siyo HR:

*BIMA YA AFYA: ANDIKISHA WATOTO NA MWENZA WAKO UPYA*
*Siku ya mwisho: Ijumaa tarehe 28 Februari, saa 10 jioni.*
*Kampuni imebadilisha bima. Majina ya zamani hayakuhamishwa, kwa hiyo hata kama ulimwandikisha mtoto wako mwaka jana, kwenye bima mpya hayupo mpaka umlete tena.*
*Ulete nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, nakala ya cheti cha ndoa, na picha moja ya pasipoti ya kila unayemwandikisha.*
*Peleka kwenye dirisha la HR, mlango wa pili ukitoka mapokezi. Usimwachie mlinzi.*
*Ukipitisha siku hiyo, familia yako haitatibiwa kwa bima mpaka mwezi wa sita.*
*Hujapata cheti cha kuzaliwa RITA? Njoo hivyohivyo tuongee kabla ya Ijumaa.*

Hiyo ya mwisho usiiache. Kuna watu hawaji kwa sababu karatasi moja inakosekana, wanaona aibu, wanakaa kimya mpaka siku inapita.

---

Kipanga_Posta

Mama Wawili umeandika vizuri sana na nakubaliana na karibu yote, ila ngoja niweke upande mwingine kidogo maana naona tunaenda kwenye kukata kila kitu.

Mimi nipo ofisi moja hapa mjini Posta, kazi yangu imeili asubuhi mpaka jioni. Alikuja meneja mpya, akatufundisha kuandika "moja kwa moja", kila kitu amri tupu, leta, tuma, jaza, njoo. Watu walinuna. Mama mmoja wa mapokezi, mtu mzima, alinionyesha meseji imeandikwa "Lete ripoti saa 8 mchana", akaniuliza hivi huyu anaongea na housigeli wake? Na ripoti aliipeleka saa 8 kweli, ila toka siku hiyo hakuwahi kumwambia yule meneja kitu chochote zaidi ya alichoulizwa. Mawasiliano yakafa pale.

Kiswahili chetu kina njia yake ya kuwa wazi bila kufoka na hatuitumii. Angalieni, "leta cheti" na "ulete cheti", tofauti ni herufi moja mbele na moja nyuma lakini ya pili haina ukali, ni kama mtu anakuelekeza. "Naomba uniletee" inaongeza neno moja tu na mtu mzima anaipokea. Na mama wawili kwenye tangazo lako uliandika "ulete", sijui kama uliwaza au imekuja yenyewe, ila ndo penyewe. Kwenye mashine ukaandika "usiwashe", pale ukali unatakiwa maana ni vidole vya mtu.

Salamu pia msizikate zote. Kwetu mtu hakuingii tu na shida yake. Ila salamu iwe mstari mmoja, "Habari za asubuhi mama, poleni na kazi", halafu mstari wa pili ombi lenyewe. Kinachotuua ni kwamba tunasalimia, tunaulizia familia, tunaeleza historia ya jambo toka mwaka juzi, halafu ombi linakuja chini kabisa ambako kwenye simu mtu hafiki mpaka asukume skrini mara tatu. Na kichwa cha imeili kisiwe "Ombi" au "Mafuta". Mimi naandika "Naomba idhini ya laki nne na nusu ya mafuta, mwisho Alhamisi saa 6 mchana". Bosi akiiona kwenye orodha tu hata hajaifungua anajua anatakiwa afanye nini, mara nyingi nikifika mezani kwake jibu lipo.

Dada la bosi wako sasa. Usibishane nae kuhusu hadhi, hutashinda, hadhi haina kipimo. Mpelekee hesabu. 61 kati ya 140. Watu 79 hawakuandikisha. Muulize hao 79 watakuja dirishani mara ngapi kuanzia sasa mpaka mwezi wa sita, na wangapi wataomba ruhusa kwenda kuhangaika hospitali. Halafu kama kampuni yenu ni ya wale wanaopenda vyeti vya ISO, lile shirika la kimataifa la viwango (magodauni mengi yanapenda), mwambie haohao ISO mwaka 2023 wametoa kiwango cha lugha nyepesi, namba yake ni ISO 24495-1. Kinasema msomaji apate kile anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Vinne tu. Na Marekani toka mwaka 2010 ni sheria, Obama alisaini, ofisi za serikali kuu zinatakiwa ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Hapo bosi hawezi kukuambia ni ya mtaani.

Na umpe njia ya kutokea. Mwambie bosi, barua ya kiofisi yenye Yah. na Kumb. nitaiandika iingie kwenye faili kama kawaida, unasaini wewe. Tangazo la ubaoni naandika kwa ajili ya wapakiaji. Karatasi mbili. Mzee wa Masijala kashakupa hoja yote hapo juu.

---

Mama_Wawili_Tabata

Kipanga "ulete" imekuja yenyewe kaka, ndo nnavyoongea na watu wangu. Ila umenifumbua macho, nitaanza kuangalia.

Salamu kwenye tangazo la ukutani mi bado siweki. Kwenye meseji ya mtu mmoja sawa kabisa, hapo hata mi nasalimia. Ukutani mtu anapita, ule mstari wa kwanza ndo pekee una uhakika ataona, siwezi kuutumia kwa habari za kazi.

---

Kipanga_Posta

Hapo nimekuelewa, na kwa ukuta upo sahihi.

---

Dispacha_Kurasini

Naongeza kidogo tu, wale wasiosoma vizuri msiwasahau. Kwenye grupu letu nikishaandika natuma na sauti, sekunde 30 haizidi, nasema kilekile nilichoandika siongezi stori. Sauti ya dakika nne hakuna anayeimaliza, mtu yupo barabarani, bando linaisha. Na nikikosea nafuta natuma upya, siandiki "kule juu nilimaanisha...", maana kuna atakayesoma ya juu tu akaondoka.

---

BintiChangombe

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho. Nilienda kwa bosi jana na karatasi mbili kama alivyosema Kipanga. Hesabu ya 79 ilimkalisha kimya, ISO nayo ilisaidia maana cheti chetu kipo ukutani nyuma ya kiti chake. Kasaini ya faili, na ya ubaoni kasema "jaribu tuone".

Halafu nikafanya ya Mama Wawili. Nikaandika tangazo la mwezi wa sita kwa kufuata lile lake, nikabadilisha tarehe tu, nikaenda nalo godauni mwenyewe badala ya kumwita mtu ofisini. Nikamkuta yuleyule baba wa foklifti anasubiri kontena lifunguliwe. Niliogopa kumpa, ila nikampa. Akasoma kwa sauti, taratibu. Nikamuuliza, sasa kaka ukitoka hapa unaenda kufanya nini? Akasema, naleta cheti cha kuzaliwa cha mtoto na picha yake dirishani kwako, mlinzi simwachii. Halafu akarudi juu kwenye kichwa cha habari akaweka kidole, akaniuliza, hapa mwenza ni nani, ni yule tunayeendesha nae zamu moja?

Sikujua nimwambie nini. Mzee wangu hili neno nalo nilitoe? Bosi alilipenda.

---

MzeeWaMasijala

Litoe mwanangu. Mwenza ni neno zuri, lakini kwake yeye mwenza ni mwenzake wa kazi, na jibu ulilipata hapohapo kwenye kidole chake. Andika "mke au mume wako". Na kwenye ile barua ya faili uliache kama bosi alivyopenda.